Meno Mawili ya Juu

Jino la kwanza la mwanangu nililijua kwa kuumwa. Alikuwa ananyonya pale kibandani kwangu, mkono wangu wa pili umeshika pindo la sketi ya mteja, pini zimejaa mdomoni, ghafla akanibana mpaka nikapiga kelele na pini zote zikamwagika chini. Nikacheka. Mama gani hacheki siku hiyo? Nikamlaza mapajani, nikapitisha kidole kwenye ufizi wa chini, kule meno ya watoto yanakoanzia. Laini tupu. Nikapitisha juu, nikayakuta mawili, bega kwa bega, ndiyo kwanza yamechungulia, makali.

Nikaacha kucheka. Mteja akauliza, "Anatoka meno, mama?" Nikamjibu, "Bado, ni ufizi tu," nikamfunika mtoto kitenge mpaka kichwani. Siku ile pindo la sketi nilishona likaenda upande, na mwenye sketi aliirudisha kesho yake.

Kwa asiyejua, nieleze. Meno ya mtoto yanatakiwa yaanze chini. Yakitangulia ya juu, watu wa kwao mume wangu, kule kaskazini upande wa Kamina, wana neno la kumwita mtoto huyo. Nasikia Waswahili wa pwani nao wana lao, wanasema kigego. Sisi wa Sandoa tuna letu. Yote mabaya. La wakwe zangu sitaliandika hapa, na msidhani naogopa. Ni hasira. Wazee wanasema mtoto wa namna hiyo amekuja na msiba mdomoni, kila jino likitoka mtu wa ukoo anazikwa. Kwa hiyo bibi yake hampakati, na jina la mzee aliyekufa hapewi hata iweje.

Na mwanangu alikuwa anangoja jina hilohilo. Miezi minane, na bado tulikuwa tunamwita "tata", yaani baba, kama kila mtoto wa kiume asiye na jina. Kwenye kitabu cha kliniki kulikuwa na jina la Kifaransa tuliloandikisha ili manesi wasitusumbue. Jina lenyewe lilikuwa la babake mume wangu, marehemu, na mwenye kulitoa alikuwa mama mkwe, kwa mdomo wake, mtoto akiwa mapajani mwake. Huyu ndiye mjukuu wake wa kwanza. Wiki ileile ya meno alipiga simu kusema mavuno yanakwisha, anapanga mizigo, atakuja na treni.

Jioni nilimfungulia mume wangu mdomo wa mtoto. Yeye ni karani kwenye mizani ya malori hapa Kolwezi, upande wa Kingamyambo, kazi yake ni kuangalia. Aliangalia. Akavua kofia, akaivaa tena.

"Ile ni bitu bya zamani," akasema.

"Basi mwambie mama yako."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Ah, weye mwanamuke! Nitamwambia."

Hakumwambia. Kila mama yake alipopiga, nilimsikia akiuliza habari za mihogo, za mbuzi, za padri mpya wa parokia. Simu ikikatwa nilikuwa namtazama tu, naye anatoka nje kuangalia kama bomba linatoa maji.

Mimi siamini mambo hayo. Nilisema hivyo kwa sauti, jikoni, peke yangu, mara nyingi sana, na mtu asiyeamini hana haja ya kujiambia hivyo mara nyingi. Mtu yeyote akikohoa mtaani nilikuwa nauliza ni nani. Jirani mmoja alifiwa na shangazi yake huko Kisenge, bibi wa miaka tisini na zaidi, mimi nikakosa usingizi siku mbili kana kwamba tulimuua sisi.

Shida kubwa ilikuwa kibanda. Nashona kando ya barabara ya malori, pale kila mtu anapita, na wanawake wa Kolwezi hawawezi kumpita mtoto bila kumchekesha. Wanaacha meza zao sokoni, wanaacha chungu motoni, wanakuja kumtekenya. "Cheka, tata! Cheka kidogo!" Na wangu alikuwa mwepesi wa kucheka, Mungu wangu, alikuwa anacheka hata na mbwa. Akicheka, ufizi wote nje. Nilijaribu kumgeuza uso ukutani. Nilijaribu kusema ana mafua. Mwishowe nikapata dawa, na dawa ilikuwa biberoni.

Chupa ikiwa mdomoni, hakuna anayeona kitu. Maziwa aliyamaliza haraka mno. Maji aliyatema. Nikamchanganyia siro, ile sharubati nyekundu ya dukani tunayowapa watoto siku za sikukuu, kifuniko kimoja kwenye maji. Hiyo aliikumbatia. Alinyonya polepole, kutwa nzima, anasinzia nayo, anaamka nayo, na mimi nasifiwa. "Mutoto yako hana kelele, mama, ametulia kabisa!" Ndiyo, ametulia. Kifuniko kikawa viwili, baadaye vitatu.

Na kila saa nilikuwa naingiza kidole. Nilikuwa na hesabu yangu: ya chini yakiwahi kutoka kabla treni haijafika, nani atajua yapi yalitangulia? Mtoto wa miezi tisa mwenye meno manne ni mtoto kama wengine. Nilinawa mkono, nikapapasa, nikakuta laini. Nikashona mkono mmoja wa blauzi, nikanawa, nikapapasa. Mtoto mwenyewe alifika mahali akiniona nakuja na kidole anafungua mdomo mwenyewe, akidhani ndiyo mapenzi.

Treni ilinisaidia sana. Kila mtu anailaani treni yetu, lakini mimi wakati ule nilikuwa naiombea ichelewe. Mama mkwe alipiga simu: imeahirishwa wiki. Asante Mungu. Wiki nyingine: bado. Asante tena. Halafu siku moja sauti yake ikaja na kelele za watu na kuku nyuma yake: "Tumetoka! Muko nanisikia? Tumetoka Kamina!" Kesho yake yuko Bukama, anauliza kama mjukuu anapenda samaki. Mtoto hana meno ya chini, samaki gani? Siku ya tatu wako Tenke, wamesimama, kichwa cha treni kimepata hitilafu, wanangoja kingine. Labda siku moja, labda mbili.

Tenke ni hapo tu. Niliingiza kidole, nikakuta laini. Basi nikafanya nililofanya. Nilimbeba mtoto mgongoni, nikafunga kibanda saa tatu asubuhi na wateja wawili wamesimama nje wanaulizana, nikapanda pikipiki kwenda mjini kwa daktari wa meno. Mume wangu sikumwambia. Wala mimi mwenyewe sikujiambia vizuri ninakwenda kufanya nini, ila kichwani kulikuwa na wazo moja tu: yatoke.

Pale kwenye benchi alikuwepo mzee mmoja, shavu limevimba kama amebugia andazi zima. Akatutazama, pamoja na maumivu yake yote akashindwa kujizuia. "Mama, na uyu naye anaumwa gego?"

"Uliza lako, tata," nikamjibu, na akacheka akashika shavu, "Mawe, mama wee! Usinichekeshe!"

Daktari alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, miwani imefungwa uzi upande mmoja. Nilitegemea angeniuliza taratibu, nimwandae. Wapi! Nilipokaa tu maneno yakatoka yenyewe.

"Docta, nataka unitolee mutoto meno."

"Meno gani?"

"Aya mbili. Ya juu. Leo."

"Yanaoza?"

"Hapana."

"Alianguka? Yamevunjika?"

"Hapana, docta. Yatoe tu. Ni bya batoto, si yataota ingine?"

Akavua miwani, akaifuta kwa koti lake. Nilifikiri atanifukuza, na nilikuwa tayari nimeandaa matusi. Badala yake akavuta kiti cha plastiki, akakiweka mbele ya changu, akakaa magoti yetu yakigusana. Kile kiti kikubwa chenye mitambo hatukukigusa. "Mulaze hapa," akasema. "Miguu kwako, kichwa kwangu. Akuone weye, asinione mimi." Umeme ulikuwa umekatika, akawasha taa ya simu.

Hivyo ndivyo mwanangu alivyoonwa na daktari wa meno mara ya kwanza, amelala juu ya magoti yetu kama juu ya meza, mimi nimemshika mikono, ananiangalia kutoka chini akijiuliza mama yangu amepatwa na nini. Kisha akalia, kilio cha mdomo wazi kabisa, na daktari akasema, "Vizuri sana, tata, lia tu, ndivyo ninavyotaka," akainua mdomo wa juu kwa kidole.

Akaangalia muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Mama. Kuya uone."

Nikainama. Pale meno yanapoingia kwenye ufizi kulikuwa na mstari mweupe, mweupe wa chaki, kwenye yote mawili. Nilikuwa nayapapasa ya chini kila saa, wiki saba. Ya juu sikuyaangalia hata siku moja. Nilikuwa nayaonea haya.

"Unamupa nini ku biberoni?"

"Maji."

Hakubishana. Chupa ilikuwa imejitokeza kwenye mfuko wangu, akaichukua, akaifungua, akainusa, akanirudishia.

"Maji na siro," nikasema.

"Mara ngapi?"

Nikaanza kulia. Mimi si mtu wa kulia mbele ya watu, kwa kawaida nagomba, lakini pale nililia pamoja na mtoto, yeye juu ya magoti na mimi juu yake. Nikamwambia yote, wateja, treni, jina, mama mkwe yuko Tenke na kuku wake. Yeye anasikiliza huku amemwachia mtoto kidole chake akishike.

Alipojibu alijibu kwa ukali, na nashukuru. "Batu banakuyaka hapa na meno imekufa, banalia niiokoe. Weye unaniletea meno mbili mazima niiue! Sukari ile inalala naye usiku muzima, inakula jino. Bado wiki chache ungekuya na matundu, na pale kweli ningeyatoa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na uyu hana hata maradhi."

"Lakini docta, yamekuya juu."

"Yamekuya juu. Batoto bamoja yanakuyaka juu, bengine chini, bengine wanangoja mwaka. Jino halina akili, mama. Linapita penye njia." Akagusa ufizi wa chini. "Ya chini ninayasikia hapa. Labda mwezi. Hayatawahi treni."

Alijua kabisa nilichokuwa natafuta. Akayafuta yale mawili kwa pamba, akayapaka dawa ya rangi ya manjano inayonata, akasema ule weupe unaweza kusimama hapohapo kama siro itakoma leo, si kesho. Nikaonyeshwa kitambaa safi, maji safi, kidole, asubuhi na kabla ya kulala, mbele na nyuma ya jino. Baadaye brosi ndogo ya watoto na dawa ya meno kidogo tu, kiasi cha punje ya mchele. Usiku akitaka kunyonya kitu, ni maziwa yangu au maji, na chupa isilale naye. Nimrudishe baada ya miezi mitatu. Niliitikia kila neno, na sikumwangalia usoni.

Nilipotoka, yule mzee wa shavu akauliza, "Wamelitoa?" Nikapita bila kumjibu, na hilo linaniuma mpaka leo kidogo, maana alikuwa ananionea huruma.

Nilirudi kwa miguu. Ni mbali, na malori yalikuwa yananipaka vumbi, lakini sikuweza kukaa kwenye pikipiki. Nilijiona mjinga. Nilijiona zaidi ya mjinga. Nilikuwa nimemwogopea mwanangu watu wa zamani na maneno yao, kumbe aliyekuwa anamharibia mdomo ni mimi, kifuniko kwa kifuniko, na huku nasifiwa. Nilimwambia pale barabarani, "Nisamehe, tata." Alikuwa amelala, denda limenilowesha shingo.

Siku mbili zilizofuata hazikuwa siku. Mtoto alitaka chupa yake. Alilia asubuhi, mchana, akakataa maji, akalitupa bakuli la uji, akanipiga kofi. Nilimpa kitambaa baridi akitafune, nikambeba, nikamwimbia, nikamkalipia, nikajuta kumkalipia. Mume wangu alikuwa anazunguka nyumba. "Mupe tu kidogo," akasema.

"Mpe weye meno yako kwanza."

Nilimwambia nilikokwenda na nilichokwenda kuomba. Alikaa chini. Nilifikiri atanigombeza, nami nilitamani anigombeze ili nipate wa kugombana naye. Akasema tu, polepole, "Ningemwambia mama mapema, haungefika kule." Ilikuwa kweli, na sikumfariji.

Treni ikaingia siku ya tatu. Mume wangu akaenda stesheni na pikipiki, akarudi nazo mbili, moja ya mizigo: samaki wakavu, karanga, unga wa mihogo, kuku wawili waliofungwa miguu. Na mama mkwe katikati ya vumbi, mwembamba, wima, kitambaa cheupe kichwani, ameshuka bila kusaidiwa. Miaka sabini na kitu. Alinisalimia vizuri, "Mama, muko muzima?" lakini macho yalikuwa yameshanipita yanamtafuta mtoto. Nikapiga goti, nikasalimia, nikamwomba anawe, apumzike, ale kwanza. Nilikuwa navuta wakati kama mtu anayevuta shuka fupi.

Jikoni nilimkuta mume wangu. Amechanganya siro. Chupa imejaa nyekundu, ameificha nyuma ya sufuria ya bukari, ugali wetu. Mtu mzima, karani mwenye saini yake.

"Leo tu," akanong'ona. "Ampakate tu, amupe jina, halafu tutaona. Nakuomba."

Na nitasema ukweli: niliishika. Niliishika chupa ile, nikafika nayo mlangoni. Mtoto aliiona, akanyoosha mikono yote miwili, uso umefunguka kwa furaha. Nikaona yale meno mawili na rangi ya manjano ya daktari bado haijaisha pembeni. Nikageuka, nikapitia mlango wa nyuma, nikaimwaga uani. Kuku wa mama mkwe, ambao walikuwa wamefunguliwa tayari, walikuja kuangalia.

Kisha nikachukua bakuli la maji na kitambaa safi, nikaenda kukaa mkekani mbele ya mama mkwe, karibu kabisa, mtoto mapajani. Nikasema, "Mama, utanisamehe, ni saa yake ya kusafishwa meno." Nikamfungua mdomo. Nikasafisha mbele. Nikasafisha nyuma. Sikuharakisha.

Mume wangu alisimama mlangoni. Nje lori lilipita, madirisha yakalia, likaisha.

"Ni ya juu," mama mkwe akasema.

"Ni ya juu, mama."

"Na chini?"

"Bado hakuna."

Alimwangalia mwanawe, akaniangalia mimi. Akainuka. Hakumgusa mtoto. Akatoka mlango wa nyuma, nikasikia kandambili zake zikipita uani, halafu kimya.

Basi nikajua. Nikapandwa na hasira ambayo sijawahi kuipata tena. Nikaingia chumbani, nikatoa begi, nikaanza kutupia nguo za mtoto ndani, kavu na mbichi. "Ninaenda Sandoa," nikamwambia mume wangu. "Kwetu nako watasema, lakini mama yangu hatamkimbia. Jina nitampa mwenyewe. Nitamwita hata Jumatatu!" Yeye kasimama tu, mikono imening'inia, na machozi yanamtoka bila sauti. Nikamchukia. Nikamwonea huruma pia, na hiyo ikanikasirisha zaidi.

Nilikuwa nafunga zipu mama mkwe aliporudi. Alikuwa amenawa uso, kitambaa cha kichwani kimelowa. Aliona begi. Alikaa pale mkekani alipokuwa, akanyoosha miguu, akapiga mapaja yake mara mbili kwa viganja.

"Mumulete."

Sikusogea.

"Mama," akaniita, "mumulete, mi sitamufanya kitu. Nikwambie kwanza, kisha utaenda kama unataka kwenda." Na akaongea akiangalia ukuta.

"Mi nilikuwaka na mudogo wangu. Mi nilikuwa na miaka kama sita, saba. Mama akienda ku mashamba, njo mi nilikuwa namubeba mugongoni, siku nzima, ule mutoto alikuwa wangu. Siku moja namutekenya, anacheka, naona meno. Mbili. Sikujuaka juu na chini ni nini, nani alinifundisha? Mi nilifurahi. Nilikimbia naye mugini yote, nyumba kwa nyumba. Nasema, mutoto wetu anatoka meno! Mukuye muone! Nikamufungua kinywa mbele ya batu bote."

Mume wangu alikuwa ameketi chini pale mlangoni.

"Asubuhi nikaamuka, mugongo yangu mutupu. Nikauliza, banasema ameenda kutembea. Mama alikuwa anatwanga, hakuinua kichwa. Nikataka kulia, bakanikataza. Mutoto ya vile haliliwi. Na jina yake haiitwi tena. Ni mi njo nilisema," akasema. "Mi njo nilibaonyesha. Na furaha yangu yote."

Nilienda nikamweka mwanangu mapajani mwake. Sikuwa nimeamua, nilijikuta nimeshapiga magoti. Mtoto alimkagua, akashika hereni yake, akaivuta. Mama mkwe alimwingizia kidole mdomoni, akayapapasa yale meno, moja, la pili, taratibu mno, naye akambana kama alivyonibana mimi.

"Eh! Anauma!" akasema, na hapo ndipo kilio kikatoka. Sijawahi kusikia mtu mzima akilia vile. Alilia kwa sauti, kwa maneno ya Kiluba ambayo mimi nayajua nusu, anayumba mbele na nyuma na mtoto kifuani, na mtoto kwa mshangao hakulia, aliendelea na hereni. Majirani walisikia, wawili wakaja mlangoni wakidhani kuna msiba. Mume wangu akawaambia, "Ndiyo, kuna msiba."

Ilikuwa saa nne asubuhi. Nilikaa naye mpaka ikaisha. Sikumwambia anyamaze.

Baadaye akajifuta, akasema jina la bwana wake litangoja mwingine, tutazaa tena. Huyu ana lake. Akalitaja. Mume wangu akainua kichwa: "Mama, sijasikia hiyo jina hata siku moja."

"Ungeisikia wapi?" akamjibu. Akalitaja tena, sikioni mwa mtoto, halafu mara ya tatu kwa sauti, na nikaona midomo yake inalijaribu kama mtu anayejaribu mguu uliokuwa na ganzi.

Sitasema nilifurahi. Jina la mtoto aliyeuawa, kwa mwanangu? Niliogopa, na ziko siku bado naogopa. Lakini sikukataa, na begi nililifungua mwenyewe.

Mama mkwe aliomba kitenge. Nikampa. Akainama, akamrusha mtoto mgongoni kwa mtupo mmoja, mwanamke wa miaka sabini na kitu aliyetoka kulala siku tano kwenye treni, akafunga fundo juu ya kifua, akavaa kandambili. Nilimuuliza anakwenda wapi. Akatoka mlango wa mbele. Nilimfuata mpaka kizingitini. Alikuwa amefika nyumba ya kwanza, amegeuka ubavu ili mtoto aonekane, na kwa sauti nyembamba ambayo sikudhani anayo nilimsikia akiita:

"Mutoto wetu anatoka meno! Mukuye muone!"